Binadamu wa Chumba cha Jirani

Kadi mbili huwekwa mbele ya vijana wanane. Moja ina mstari mmoja. Nyingine ina mistari mitatu, na katika hiyo mitatu mmoja tu ndio unaolingana na ule wa kwanza. Mtoto wa darasa la pili hawezi kukosea. Vijana wanajibu kwa zamu, kwa sauti, na saba wa mwanzo wote wanataja mstari uleule usio sahihi bila kupepesa jicho. Wa nane hajui kwamba wenzake wamepangwa. Zamu yake inafika: ayaamini macho yake au awaamini wenzake?

Hilo ni jaribio la Solomon Asch, aliyezaliwa Warsaw mwaka 1907, akahamia New York angali mdogo, na kuanzia 1947 akawa mwalimu Swarthmore, chuo kidogo nje kidogo ya jiji la Philadelphia. Aliyesoma saikolojia japo muhula mmoja atakuwa amekutana nalo. Mara nyingi hufundishwa hivi: takribani theluthi ya majibu ilifuata kundi, basi binadamu ni bendera hufuata upepo. Asch mwenyewe alivutiwa na theluthi mbili zilizobaki pia, na watu kama robo hivi ambao hawakuyumba hata mara moja. Aliona vilevile kwamba mpimwa akipata mwenzake mmoja tu wa kusema kweli, nguvu ya kundi hushuka hadi karibu robo yake. Vitabu vya kiada havina nafasi kubwa kwa habari njema.

Mimi huvutwa zaidi na mahali lilipofanyiwa kazi wazo hilo. Swarthmore ilianzishwa mwaka 1864 na Waquaker, ndugu wa imani wa wale Marafiki waliojenga misheni ya Kaimosi, magharibi mwa Kenya. Katika mikutano yao ya kuamua mambo hakupigwi kura. Watu hukaa, husikilizana, hunyamaza, mpaka mwelekeo wa mkutano ueleweke; na mmoja asiyeridhika anaweza kulisimamisha jambo zima. Chuo chenye mizizi hiyo ndicho kilichompa nafasi mtu aliyetaka kujua inakuwaje mmoja anaposimama mbele ya wengi walioafikiana. Alimkuta hapo Wolfgang Köhler, mwanasaikolojia Mjerumani aliyewapinga Wanazi hadharani gazetini mwaka 1933, kitu ambacho maprofesa wachache mno walithubutu, na ambaye mwaka 1935 aliihama nchi yake. Myahudi wa Warsaw, mhamaji wa Berlin, na nyumba ya watu wasiopiga kura: ukivijua hivyo, kadi zenye mistari haziwezi tena kuonekana mchezo wa maabara. Swali la watu wazima kuitikia uongo ulio wazi lilikuwa limetoka kuipitia Ulaya nzima.

Hivyo sivyo nilivyofundishwa mara ya kwanza. Katika somo la utangulizi Asch alikaa kwenye slaidi moja, katikati ya Pavlov na Milgram, hana mji wala mwaka. Nilikuja kumwelewa mwaka uliofuata, kwenye darasa la historia ya Ulaya ambalo nililichukua kwa sababu tu ratiba yangu ilikuwa na pengo siku ya Alhamisi.

Nilisoma saikolojia katika chuo cha aina ya Swarthmore, kidogo, cha shahada ya kwanza tu, cha wale wanaoiita elimu yao sanaa huria. Kwetu Tanzania mtu huanza kufungwa akielekea kidato cha tano: PCB, EGM, HGL, herufi tatu za tahasusi zinazomfuata mpaka kwenye fomu ya maombi ya chuo kikuu. Enzi zangu mwenye HGL, ya historia, jiografia na lugha, hakukumbushwa tena kwamba ana mapafu, na mwenye PCB, ya fizikia, kemia na biolojia, alisamehewa historia maisha yake yote. Kule chuoni mwanafunzi hutangaza somo lake kuu kuelekea mwisho wa mwaka wa pili. Kabla ya hapo anazunguka, na hata baada ya kutangaza bado anadaiwa masomo ya upande wa pili: wa sayansi asome ushairi, wa ushairi aingie maabara. Wapo wanaoona huko ni kupoteza muda, na kwa baadhi ya masomo huenda wana haki. Sidhani kama mjenzi wa madaraja anadhurika sana kwa kutojua riwaya za Kirusi. Kwa saikolojia nina msimamo tofauti. Ni somo ambalo likisomwa peke yake linampotosha msomaji wake, maana huzoea kumchukua mtu aliye karibu na kumwita binadamu, na halina njia rahisi ya kujigundua linapofanya hivyo. Linahitaji majirani wa kulivuta shati.

Historia yake yenyewe katika vyuo hivi inaanzia kwa jirani. Mary Whiton Calkins aliajiriwa chuo cha wanawake cha Wellesley mwaka 1887 kufundisha Kigiriki. Chuo kilipohitaji mtu wa kufundisha saikolojia ya majaribio, sayansi ambayo wakati huo ilikuwa changa kabisa, kikamgeukia yeye, kwa sharti akajifunze kwanza. Akaenda Harvard, ambako wanawake hawakuandikishwa kuwa wanafunzi. Aliruhusiwa kuhudhuria kama mgeni. Katika semina ya mwanasaikolojia William James, mwaka ambao kitabu kikubwa cha James kilikuwa kimetoka tu, wanafunzi wengine walijitoa, akabaki yeye na mwalimu wake wakizungumza kando ya moto wa maktaba. Mwaka 1891 alifungua maabara Wellesley, moja ya zile za mwanzomwanzo Marekani. Akabuni njia ya kupima kumbukumbu kwa jozi za vitu, kimoja kikiwa dokezo la kingine, ambayo wanafunzi wanaitumia hata leo bila kujua ni ya nani. Alipomaliza kazi ya udaktari, walimu wake wa Harvard walimsifu kwa maandishi na uongozi wa chuo ukamnyima shahada kwa kuwa ni mwanamke. Mwaka 1902 alipewa nafasi ya kuichukua kupitia Radcliffe, chuo cha wanawake cha pembeni mwa Harvard. Akakataa. Mwaka 1905 akawa rais wa chama cha wanasaikolojia wa Marekani, mwanamke wa kwanza, bila shahada hiyo. Kila nikimkumbuka nakumbuka na Kigiriki chake. Mtu aliyekwisha kuhangaika na vitenzi vya lugha iliyokufa hashtuki akiambiwa akili ina sheria zake na zinapimika, wala haamini upesi kwamba zote zimepatikana.

Kusoma kwenyewe kulikuwa kwa jasho kuliko watu wanavyodhani. Wengi walikuja wakitarajia ndoto, Freud, na kujijua. Wakakutana na takwimu. Muhula mzima ni wastani, mtawanyiko na uwezekano, na wanaobaki baada ya hapo ndio wanaoitwa wanasaikolojia wa mwaka wa pili. Kwa kuwa vyuo hivi havina wanafunzi wa uzamivu, kazi ambazo kwenye vyuo vikuu hufanywa na msaidizi wa miaka ishirini na nane huangukia kwa kijana wa miaka kumi na tisa: kuandika maswali, kuomba kibali cha kamati ya maadili, kukaa na kronomita mbele ya mtu anayebonyeza vitufe, kusafisha data usiku. Profesa anakujua jina, anajua pia kwamba hukusoma sura ya nne.

Watu wa kuwapima walipatikana wapi? Tulijipima wenyewe. Wa somo la utangulizi walitakiwa kushiriki tafiti za wakubwa wao kwa saa kadhaa, au waandike insha badala yake. Karibu wote walichagua kupimwa. Jumatatu mimi ni data ya mwenzangu, Jumatano yeye ni data yangu, Ijumaa tuko foleni moja ya chakula tukijifanya hatujui yule alijibu nini kuhusu wasiwasi wake. Ukishakuwa upande wa pili wa dodoso huwezi kuliamini kwa utii uleule. Unajua kwamba swali la kumi na saba lilijibiwa na mtu mwenye njaa. Unajua kwamba "mara chache" na "wakati mwingine" vilichaguliwa kwa kubahatisha. Somo zuri kuliko yote niliyoyapata kuhusu vipimo nililipata nikiwa mpimwa.

Lakini kuna jambo ambalo kule ndani hatukuliona, kwa sababu sote tulikuwa ndani. Binadamu wa ripoti zetu alikuwa mtu wa chumba cha jirani bwenini. Alilala saa nane za usiku, alikuwa na simu, alizungumza Kiingereza, wazazi wake walimtumia pesa. Tukampima, tukapata wastani wake, kisha tukaandika kwamba watu huwa hivi na vile. Na hatukuwa peke yetu. Mwaka 2008 Jeffrey Arnett alichapisha hesabu ya majarida makubwa ya saikolojia ya Marekani: asilimia 96 ya waliofanyiwa utafiti walitoka nchi zenye asilimia 12 tu ya watu wa dunia. Katika jarida kuu la saikolojia ya jamii, asilimia 67 ya sampuli za Marekani zilikuwa wanafunzi wa saikolojia watupu. Miaka miwili baadaye Joseph Henrich na wenzake wawili, Steven Heine na Ara Norenzayan, walionyesha kwamba watu hao, kwa mambo mengi, wako ukingoni mwa jamii ya wanadamu. Ukitaka kumjua binadamu wa kawaida, ni mahali pabaya pa kuanzia.

Mimi jambo hilo nililisikia kama swali, ng'ambo ya korido. Mwalimu wa anthropolojia, mwanamke mwembamba mwenye tabia ya kuvua miwani kabla ya kukuumbua, aliisoma ripoti niliyokuwa nayo mkononi kana kwamba ni risiti ya dukani, akauliza kitu kimoja: "Hawa ni akina nani?" Nikamjibu idadi. Akasema hakuuliza wangapi.

Kwa mwanafunzi aliyetoka huku kwetu swali lile lina upande wa pili, ambao ulinichukua muda kuuona. Tulikosekana kwenye majarida, lakini kwenye misingi tulikuwapo. Chukua nadharia ya kushikamana kwa mtoto na mlezi, inayofundishwa katika kila somo la makuzi. Wanafunzi hukumbuka kile chumba cha Baltimore chenye vitu vya kuchezea, mama anatoka, mgeni anaingia, mtoto analia au halii. Aliyekibuni ni Mary Ainsworth, na macho yake aliyapatia mafunzo Uganda. Alifika Kampala mwaka 1954 akimfuata mumewe aliyepata kazi kwenye taasisi ya utafiti wa jamii pale Makerere. Akatembelea familia 26 za vijiji vya Buganda jirani na mji, kila baada ya wiki mbili hivi, kwa miezi, saa mbili kila mara, akikaa sebuleni mchana wakati akina mama wanapokea wageni. Aliona watoto wakitambaa kwenda mbali, wakigeuka kumtazama mama, wakirudi, wakienda tena. Aliporudia kazi hiyo Marekani, watoto wa Baltimore nyumbani kwao hawakushtushwa vile na mama kutoka, wamezoea. Ndipo akatengeneza chumba cha ugeni ili jambo alilokuwa amelishuhudia wazi Buganda lijitokeze. Yaani chumba kile mashuhuri ni kifaa cha kuwafanya watoto wa Marekani waonyeshe kile ambacho wa Uganda walikionyesha bila kuchokozwa. Kitabu chake cha Uganda kilitoka mwaka 1967. Kwenye darasa letu kilitajwa kwa dakika moja, kama mazoezi ya kabla ya mechi.

Au watoto wa Kokwet, kijiji cha Wakipsigis nchini Kenya, ambako Charles Super na Sara Harkness waliishi na kufanya utafiti miaka ya 1970. Wazungu waliotangulia walikuwa wameandika kwa mshangao kwamba watoto wa Kiafrika wanakua haraka kimwili, kana kwamba ni siri ya damu. Super akawatazama akina mama. Wanamfundisha mtoto kukaa: wanachimba kishimo kifupi, wanatandika nguo, wanamkalisha humo akishikiliwa mgongo. Wanamfundisha kutembea pia. Basi watoto wakawahi kukaa na kutembea kuliko wa Marekani. Kwa mambo ambayo hawakufundishwa hawakuwahi. Bibi yeyote wa huku anayemzungushia mjukuu mito ndani ya beseni angeweza kumpunguzia safari. Hata hivyo bibi asingejua kwamba wengine hawafanyi hivyo, na hapo mtafiti ana kazi yake halali.

Ninaoupenda kuliko zote ni utafiti wa Robert Serpell, uliochapishwa mwaka 1979. Kulikuwa na mazoea ya kusema kwamba watoto wa Kiafrika wana udhaifu wa kuona maumbo, kwa sababu walipopewa penseli na karatasi wakaambiwa wanakili mchoro, walishindwa na wa Ulaya. Serpell aliwapima watoto wa Lusaka na wa Manchester kwa njia zaidi ya moja. Kwa penseli, Manchester wakashinda. Kisha akatoa waya. Aliyekulia huku hahitaji kuelezwa kilichofuata: wale ni watoto wanaotengeneza magari ya waya yenye usukani mrefu, wakayasukuma mtaani huku wakinguruma kwa mdomo. Lusaka wakashinda kwa mbali. Kwa udongo wa kufinyanga, ambao pande zote mbili wanauchezea, wakalingana. Nililisoma hilo nikiwa na umri wa miaka ishirini, nikaweka kitabu chini, nikatoka nje kutembea. Sikuwa na furaha ya ushindi. Nilikuwa nahesabu ni vipimo vingapi vya darasa langu mwenyewe vilivyokuwa penseli.

Niwe mkweli, mengine yanasafiri vizuri. Köhler aliwahi kuchora maumbo mawili, moja la pembe kali na moja la mviringo, akauliza lipi ni takete na lipi ni maluma. Mwaka 1961 mtafiti mmoja alichapisha matokeo ya majaribio ya namna hiyo kwa watoto wa rasi ya Mahale, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, na kwa watoto wa Uingereza, nao wakaelekea upande mmoja: lenye kona ni takete. Hakuna kanuni ya jumla ya kumwambia mwanafunzi ni lipi la wote na lipi la bwenini. Inabidi aende akaangalie, moja moja.

Shangazi yangu hakuvutiwa na takete. Aliposikia nasoma nini aliuliza, "Mwanangu, ukimaliza utawatibu wagonjwa wa akili wa Mirembe?" Nikamwambia hapana, kwa shahada ya kwanza huruhusiwi kumtibu mtu. Akafikiri kidogo. "Sasa nani atakulipa?" Sikuwa na jibu la kumtosheleza, na wenzangu wa Marekani nao walikuwa wakiulizwa hivyohivyo na shangazi zao. Wengine wameishia benki, wengine hospitali, mmoja anaendesha shamba la zabibu. Watu wengine hukuuliza kwa mzaha, "Haya, niambie nawaza nini," na baada ya muda unajifunza kucheka mapema ili mazungumzo yaendelee.

Kisha mwaka 2015 ulikuja mtikisiko. Kundi kubwa la watafiti lilirudia tafiti 100 zilizokwisha kuchapishwa katika majarida matatu yenye heshima. Za awali, asilimia 97 zilidai matokeo ya maana. Ziliporudiwa, asilimia 36 tu. Jamaa zangu waliobaki kwenye taaluma walizungumza kama watu waliokuta kiwanja chao kiko kwenye hifadhi ya barabara. Kwa upande wangu habari hiyo haikunivunja moyo sana. Vyuo vidogo vilipata kazi nzuri humo: kurudia tafiti ni zoezi linalomfaa mwanafunzi wa mwaka wa tatu, halihitaji mashine za mamilioni, na mara nyingi profesa mkubwa wa chuo kikuu hana hamu nalo kwa sababu halimletei jina.

Kuna pingamizi ambalo silikwepi. Vyuo hivi ni ghali kupita kiasi. Gharama zinazotangazwa na vingi vyao zimepita dola 80,000 kwa mwaka, na mtoto wa kwetu huingia kwa msaada wa chuo au haingii kabisa. Ni rahisi kusifia bustani ukiwa umelipiwa kiingilio. Na huo upana wa masomo unaweza kuzaa mtu anayejua kidogo kuhusu kila kitu na kuzungumza vizuri mno. Nimewaona, na siku nyingine nimejisikia. Bado nadhani wazo lenyewe halidai dola hizo. Patrick Awuah, aliyesoma Swarthmore, alirudi Ghana akaanzisha Ashesi mwaka 2002, na hapo wahandisi wanasoma maadili na uandishi. Chuo chetu chochote chenye idara ya saikolojia tayari kina idara ya historia na ya lugha kwenye jengo la pili. Kinachokosekana ni ruhusa ya mwanafunzi kuvuka ua na kupata alama kwa kuvuka.

Mada ya tasnifu ningempa mwanafunzi huyo leo. Katika zile saa za sebuleni Buganda, Ainsworth hakuwa peke yake. Alikuwa na msaidizi na mkalimani, Bi Katie Kibuka. Maneno ya akina mama wale, kabla hayajawa maandishi ya Kiingereza na baadaye nadharia ya dunia nzima, yalipitia kwa mwanamke huyu. Aliuliza vipi? Mama aliposema mtoto ana kiburi, au ana woga, au amempenda mgeni, Kibuka alichagua kusema nini kwa Kiingereza, na alinyamazia nini kwa heshima ya mwenye nyumba? Kuifanya kazi hiyo kunahitaji mtu aliyesoma saikolojia ya makuzi, anayejua Luganda, anayeelewa Buganda ya mwaka 1954 ambayo Kabaka wake alikuwa amepelekwa uhamishoni Uingereza, na anayeweza kukaa na vikongwe bila kuwaharakisha. Angeanzia maktaba ya Makerere.